Neno la Kijana wa Miaka 16 Lina Uzito Gani?

Na Mchungaji Msaidizi

Somo la kusoma nyumbani kabla ya Jumapili: Hesabu 30:1–5, Yoshua 9, 1 Samweli 17:31–40



Wiki hii naomba tukae na swali moja ambalo limeingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi. Tuseme kuna kijana wa kidato cha tatu, miaka 16, anayejua kompyuta vizuri. Likizo ya Desemba ametengenezea chekechea moja tovuti. Mwenye agroveti akaiona, akataka yake. Mwenye kinu cha unga naye akataka, na dada mmoja anayeuza miche ya parachichi. Kufikia Krismasi ana wateja kumi. Wamemlipa ya mwaka mzima, na pesa zimeingia kwa simu ya mama yake. Mama amefurahi, ametoa ushuhuda kanisani, tumepiga makofi.

Januari inafika. Kijana anarudi shule ya bweni, ambako simu hairuhusiwi. Mwezi wa pili wa muhula, tovuti ya ile chekechea inazima, na ni wakati ambao wazazi wanatafuta nafasi za watoto. Mwalimu mkuu anapiga simu. Anayeshika simu ni mama, yuko katikati ya shamba la majani chai, kikapu mgongoni, na seva hajui ni mnyama gani. Anasema, "Mwalimu, huyo ni mtoto tu, ngoja afunge shule."

Sasa niambie, nani anadaiwa? Kijana? Mama? Ama hakuna anayedaiwa kwa sababu huyu ni mtoto?

Nimeulizwa swali hili na wazazi zaidi ya mmoja, kila mtu kwa maneno yake. Ndani yake kuna swali kubwa kuliko kompyuta: mtu ambaye hajafika utu uzima akitoa neno lake, neno hilo lina uzito gani?

BIASHARA YENYEWE NI GANI

Wazee wetu wengine watasema, haya ni mambo ya watoto. Hapana. Tuelewe kwanza.

Zamani kijana wa Kericho au Bomet akitaka pesa alijua njia moja: kuchuna majani shambani kwa wazazi, na akimaliza shule aombe kazi kwenye mashamba ya kampuni. Njia hiyo imekuwa nyembamba. Mashine za kuchuna zimeingia, na tunakumbuka Mei 2023 jinsi hasira ilivyowaka hapa Kericho mpaka mashine zikachomwa moto. Lakini njia nyingine imefunguka. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za baharini zikafika Mombasa, SEACOM na TEAMS. Tangu hapo kijana wa Silibwet au Litein anaweza kufanya kazi ya mtu wa Nairobi, na alipwe, bila kupanda matatu.

Biashara ya tovuti ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuchora na kupanga kurasa zenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi, ukimaliza umemaliza. Ya pili ni jina, ile anwani ambayo watu huandika ili wafike kwako. Majina yote yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika linaloitwa KENIC, na jina hulipiwa upya kila muda wake ukiisha. Usipolipia, unalipoteza, na mwingine anaweza kulichukua. Ya tatu ni kuhosti, yaani kuipa tovuti mahali pa kukaa ili ionekane usiku na mchana. Kijana hana seva yake. Anakodi nafasi kubwa kwa kampuni fulani, anaigawa vipande vipande, na kuwakodishia wateja wake. Ni kama mtu anayenunua gunia la sukari na kulipima kwa kilo na nusu kilo.

Wengine wameniuliza kama huo si udanganyifu, kuuza kitu ambacho si chako. Mimi sioni udanganyifu hapo. Mwenye duka la rejareja halimi miwa, na dereva wa matatu mara nyingi si mwenye gari. Dhambi haiko katika kukodi. Dhambi inaingia pale unapomwahidi mteja kitu ambacho hata aliyekukodishia hajakuahidi wewe. Kampuni nyingi kubwa za kuhosti huahidi kwamba tovuti itakuwa hewani asilimia 99.9 ya wakati. Piga hesabu: mwaka una saa 8,760, kwa hiyo bado wamejiachia karibu saa 9 za kuzima kila mwaka. Na Julai 2023 sote tuliona eCitizen yenyewe, ya serikali nzima, ikishambuliwa na huduma zikakwama. Sasa kijana anayemwambia mwenye agroveti, "Yako haitazima hata dakika moja," amepata wapi hiyo ahadi?

Ona pia tofauti iliyopo kati ya sehemu hizo tatu. Kuchora ni kazi. Jina na kuhosti ni ahadi. Kazi unaweza kuifanya likizoni ukarudi shule. Ahadi haina likizo.

MIZANI MIWILI KATIKA MFUKO MMOJA

Tupime neno la huyu kijana.

Mzani wa kwanza ni mila. Kwetu Wakipsigis, kijana akitoka jandoni haitwi tena mtoto. Amepewa wosia, ana wenzake wa rika, na akisema neno mbele ya wazee anatarajiwa alitimize. Kwa mzani huu huyu wa miaka 16 ni mwanamume, na anadaiwa.

Mzani wa pili ni sheria. Katiba yetu ya 2010 inasema mtu mzima ni aliyefikisha miaka 18. Kabla ya hapo hapewi kitambulisho cha taifa, na Sheria ya Kampuni ya 2015 haimruhusu kuwa mkurugenzi wa kampuni. Mapatano aliyofanya, kwa kawaida, hayawezi kumbana mahakamani, isipokuwa yale ya mahitaji yake ya lazima. Kwa mzani huu ni mtoto, na hadaiwi.

Sasa sikiliza hatari iliyopo. Kijana mwerevu anaweza kuweka mizani yote miwili mfukoni. Wakati wa kupokea pesa anatoa ule wa mila: "Mimi ni mwanamume, niamini." Wakati wa kurudisha anatoa ule wa sheria: "Mimi ni mtoto, nihurumie." Sisi watu wa majani tunamjua karani wa aina hiyo. Akipima ya rafiki yake mzani unasema hivi, akipima ya mjane unasema vingine. Na kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza na mizani kabla hakijagusa jambo lingine lolote.

Si vijana peke yao. Na wateja je? Yuko mtu mzima anayemwambia kijana, "Kazi yako ni nzuri, hongera, nitakulipa." Anaitumia tovuti mwaka mzima, halipi, kwa sababu anajua mtoto hatampeleka popote. Ndugu yangu, sheria ile ya umri iliwekwa ili kumkinga mtoto asinyonywe na watu wazima. Haikuwekwa ili mtu mzima apate mlango wa kumtoroka mtoto. Kuna Mambo ya Walawi 19:13 na Yakobo 5:4. Zisome zote mbili halafu ulipe. Hata sisi makanisa tujichunguze. Kumwambia kijana atutengenezee tovuti "kama huduma" ni sawa kama yeye mwenyewe ameitoa sadaka. Kama tumemwambia sisi, hiyo si sadaka yake. Ni kodi tuliyomtoza.

TORATI ILILIONA JAMBO HILI

Hesabu sura ya 30 tunaipita haraka kwa sababu inahusu nadhiri, na sisi tunaona nadhiri ni mambo ya kale. Rudi uisome polepole. Inaanza kwa kusema kwamba mwanamume aliyejifunga kwa neno lake asilivunje. Kisha inageukia binti ambaye bado yuko nyumbani kwa baba yake, katika ujana wake. Ametoa neno. Baba amesikia. Kama baba akikaa kimya, neno la yule binti linasimama na linamfunga. Kama baba akikataa siku ileile aliyosikia, neno haliwi na nguvu, na Bwana anamsamehe binti.

Najua kuna wenye kuuliza: pasta, hapo ni binti, na wewe unazungumzia mvulana? Ni kweli. Sitaki kulazimisha andiko liseme lisilosema. Mwana wa kiume hakupewa mlango huo wa kutokea. Kwa hiyo mvulana asiitumie sura hii kukimbia deni lake. Mimi nataka tuone kanuni iliyoko chini ya sheria ile, na naiona ina mambo mawili.

La kwanza, neno la kijana si hewa. Mungu hakusema, "Ni msichana mdogo, hakusema kitu." Alilichukua kwa uzito hata ikabidi kuwe na utaratibu wa kulitangua. Kitu kisicho na uzito hakihitaji utaratibu.

La pili, kimya cha mzazi ni sahihi. Aliyesikia na kunyamaza ametia mkono wake. Na muda wa kukataa ni siku ya kusikia. Ukingoja mpaka mambo yaharibike ndipo useme, "Mimi sikumtuma," umechelewa. Sura hiyohiyo, inapozungumza juu ya mume aliyenyamaza kisha akaja kutangua baadaye, inasema hatia inamwangukia yeye.

Kwa hiyo, mama, pesa zilipoingia kwa simu yako na ukasoma jina la mwalimu mkuu kwenye ujumbe, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kusikia. Ulipotoa ushuhuda kanisani, ulikuwa tayari umetia sahihi.

Wenye majani mnalielewa hili kuliko watu wengine. Mtoto akifunga shule anachuna, anapeleka kituoni, karani anapima. Kilo zinaingia kwa namba ya nani? Si ya mtoto. Zinaingia kwa namba ya mkulima, ya baba au mama. Bonasi ikija inakuja kwa namba hiyo. Na mtoto akichanganya majani makavu na magumu badala ya majani mawili na chipukizi, yakikataliwa, yanakataliwa chini ya namba hiyohiyo. Hakuna mzazi amewahi kumwambia karani, "Kilo ni zangu lakini majani mabaya ni ya mtoto." Basi na hii biashara iko hivyo. Kijana anachuna kwa namba yako.

PESA AMBAYO BADO SI YAKO

Nilisoma biashara chuoni kabla ya kuingia huduma, na kuna somo moja la uhasibu ambalo naona ni mahubiri kamili.

Tuseme wale wateja kumi wamelipa shilingi 6,000 kila mmoja kwa mwaka. Hiyo ni 60,000 mkononi mwa kijana wa miaka 16. Sasa muulize, umepata ngapi? Atasema 60,000. Mhasibu atasema, kwa leo hujapata kitu. Umepokea, lakini hujachuma. Umeuza miezi 12 na hujatoa hata mmoja. Kila mwezi unaoisha tovuti zikiwa hewani, umechuma 5,000. Zilizobaki ni deni, ni pesa ya watu iliyolala kwako.

Twende mwisho wa mwezi wa nne. Amelipia majina kumi, tuseme 1,200 kila moja, jumla 12,000. Amelipia nafasi ya kuhosti 1,250 kwa mwezi, miezi minne ni 5,000. Kwa hiyo akiwa hajala kitu, anapaswa kuwa na 43,000. Amechuma 20,000. Pesa ya watu ni 40,000. Wakisema leo wanataka pesa ya miezi iliyobaki, atawarudishia 40,000 na kubaki na 3,000. Hiyo 3,000 ndiyo faida yake halisi mpaka siku hiyo.

Lakini kijana alinunua kompyuta ya mtumba kwa 25,000 wiki ya kwanza, kwa sababu aliona ana 60,000. Sasa ana 18,000. Zinapungua 22,000. Zitatoka wapi? Zitatoka kwa majani ya mama. Zitatoka kwa bonasi iliyokuwa ya karo ya mdogo wake. Hakuiba. Hakuna aliyevunja kufuli. Lakini kwa kutojua tofauti ya kupokea na kuchuma, amekula kitu kisicho chake, na mdogo wake ndiye atakayelipa.

Nasema hata kuhusu fungu la kumi. Kijana, usilete madhabahuni 6,000 kutoka kwa ile 60,000. Bwana hana haja na fungu la pesa ya mwenye agroveti. Chuma kwanza, ndipo ulete.

"SISI NI KAMPUNI"

Kuna jambo lingine. Vijana wengi wanaofanya kazi hii huandika, "Sisi ni kampuni yenye uzoefu, timu yetu iko tayari kukuhudumia saa 24." Timu ni yeye mmoja. Saa 24 yuko shule. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia, "Pasta, nikisema nina miaka 16 hakuna atakayenipa kazi."

Hilo ni pingamizi la kweli na linastahili jibu la kweli.

Tazama Daudi mbele ya Sauli. Sauli alimwambia wazi kwamba yeye ni kijana tu. Daudi hakubisha umri wake. Hakusema ana jeshi nyuma yake. Alieleza kazi aliyokwisha kufanya: simba alikuja, dubu alikuja, na kondoo wa baba yake wakaokolewa. Kisha Sauli akamvika mavazi yake ya vita, na Daudi akayavua, kwa sababu hakuwa ameyazoea. Alishuka bondeni na vitu alivyovijua. Maneno kama "timu yetu" na "uzoefu wetu" ni mavazi ya Sauli. Yanakufanya uonekane mkubwa mpaka siku unapohitaji kukimbia ndani yake.

Umri mdogo haujawahi kuwa aibu katika kazi hii. Programu ya WordPress, ambayo leo inaendesha tovuti nyingi sana duniani, ilitolewa Mei 2003, na mmoja wa walioianzisha, Matt Mullenweg wa Houston, Marekani, alikuwa na miaka 19. Hakujifanya ameivumbua peke yake. Alishirikiana na Mike Little, mtu wa Uingereza, na waliijenga juu ya programu ya Michel Valdrighi, ambayo leseni yake iliruhusu wengine kuiendeleza, na jambo hilo linajulikana wazi hadi leo. Jirani zetu Uganda, Ashish Thakkar alianza biashara ya kompyuta Kampala mwaka 1996 akiwa na miaka 15, kwa mkopo wa dola 5,000, akienda Dubai kununua vifaa. Habari yake huwa wanapenda kuitaja wale wanaotaka kuacha shule. Wanasahau lile neno "mkopo." Kila mkopo una anayedai, na kila mtoto mwenye mkopo ana mtu mzima nyuma yake.

Basi kijana aseme nini? Aseme, "Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hizi hapa tovuti nilizotengeneza. Kuchora nitamaliza likizo hii. Nikiwa shule, mambo ya dharura atashika huyu hapa, na namba yake ni hii." Atapoteza wateja wengine? Ndiyo, atapoteza, sitawadanganya. Lakini atakaobaki nao wamemwamini yeye mwenyewe, hawakuamini picha aliyoichora.

Na kama alishasema uongo, je, neno lake bado linamfunga? Yoshua 9 inatujibu. Wagibeoni walikuja na mikate iliyokauka na viatu vilivyochakaa wakajifanya wametoka mbali. Israeli wakawaapia. Baada ya siku tatu uongo ukajulikana. Viapo vilisimama, hata kwa waliodanganywa. Kama aliyedanganywa alifungwa na neno lake, wewe uliyedanganya utafunguliwa na nini?

JINA LA MTU MIKONONI MWAKO

Jambo la mwisho na ambalo naogopa kuliko yote ni lile jina.

Kijana anaposajili jina la tovuti ya chekechea, kuna mahali pa kujaza mwenye jina ni nani. Kwa haraka, au kwa sababu ni rahisi, anajiandika yeye au mama yake. Mwaka unapita, mteja anataka kuhamia kwa fundi mwingine, na kumbe jina la shule yake si lake. Fundi wa kwanza anasema, "Nipe kitu kidogo ndiyo niliachie." Watu wazima wanafanya hivi, na vijana wanajifunza kwao.

Mithali 22 inaweka jina jema juu ya mali nyingi. Tumezoea kulihubiri andiko hilo kuhusu jina lako mwenyewe. Leo lihubiri kuhusu jina la mwenzako. Umelishika kama Yusufu alivyoshika nyumba ya Potifa: kila kitu kiko mkononi mwako na hakuna hata kimoja kilicho chako. Andika jina la mwenye shule mahali pa mwenye jina. Mpe neno la siri kwenye karatasi, alihifadhi ofisini kwake. Na kama tovuti ina picha za watoto au namba za wazazi, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kwa habari za mtoto inataka ridhaa ya mzazi wake. Uliza kabla ya kuweka. Na wewe mwenye shule, usiseme hayo ni ya fundi. Watoto ni wako.

JIBU LANGU

Turudi kwa yule mama shambani. Nani anadaiwa?

Kijana anadaiwa, kwa sababu alitoa neno na neno lake lina uzito mbele za Mungu, hata kama mahakama haliwezi kulipima. Mama anadaiwa pamoja naye, kwa sababu alisikia na kunyamaza, na pesa zilipita mkononi mwake. Mwalimu mkuu naye ana sehemu, kama alijua anashughulika na mtoto wa shule na akataka bei ya mtoto lakini huduma ya kampuni.

Je, tuwakataze vijana? Mimi nasema hapana. Mzazi anayesema, "Acha hayo mambo, soma," bila kusikiliza, amemwachia mtoto afanye kwa siri, na siri haina msimamizi. Tuwaache wafanye, lakini neno lao litoke likiwa limepimwa. Kazi ya kuchora wafanye likizoni. Kuhosti na majina wasichukue mpaka kuwe na mtu mzima aliyekubali kwa kinywa chake, anayejua tarehe za kulipia na mahali pa kulipia. Pesa ya mwaka ikae pembeni, itolewe mwezi baada ya mwezi jinsi inavyochumwa. Na kila mteja ajue anashughulika na nani.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii, wazazi na vijana mkae pamoja, msitenganishwe, mjibu maswali haya matatu. Kijana wako ameahidi nini kwa watu, na wewe ulisikia lini? Kuna pesa gani nyumbani mwenu iliyopokelewa lakini haijachumwa? Na kuna kijana gani hapa kanisani aliyekufanyia kazi, na bado hujamlipa?

Hilo la tatu msingoje Jumapili.